Rufaa ya Klampu na Sanda ya Bi Mwalimu

Leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika kiasi kwamba hata mbuzi wa Munje wamenitazama, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe, kisha wakaendelea kutafuna. Nawaandikia sasa hivi kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine, maana ikipitia kwa watu wetu itafika imeota mikia mitatu. (Yangu ina mkia mmoja tu. Mrefu.)

Mnajua mimi ni mtunza bustani katika hoteli moja kule Galu. Asubuhi, ndio kwanza nimeshika mpira wa maji, simu ikalia. Bakari wa Munje. Bakari si mtu wa kupiga simu asubuhi. Nikajua kabla hajasema.

"Hamisi, mama ametutoka."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa wasiomjua, mamake Bakari ndiye Bi Mwalimu, aliyefundisha ngumbaru Msambweni miaka na miaka. Mimi nilikwenda kwake na miaka thelathini na tisa, ndevu zimejaa kidevu, kalamu naishika kama mpini wa jembe. Hakunicheka. Aliukamata mkono wangu huu, mzito kama gogo, tukaandika pamoja herufi ya kwanza ya jina langu, na karatasi ikatoboka. Akasema, "Karatasi zipo nyingi. Rudia." Miaka minne nilirudia. Nikatoka nasoma, naandika, barua ya kirafiki naijua, barua rasmi naijua, anwani mbili, na ile KUH kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Siku ya cheti nilikibusu mbele ya watu elfu moja. (Tulikuwa kumi na wanane.) Tangu hapo mtaani naitwa Wakili. Jina nilijipa mwenyewe, lakini limeshika.

"Tunazika baada ya adhuhuri, inshallah," Bakari akasema. "Sanda zipo hapa Msambweni, lakini nataka itoke mkononi mwako wewe. Mama akikuhesabu mwanawe. Chukua bafta nzuri, karafuu maiti na marashi. Utaweza?"

Nikamwambia, "Bakari, hata ikibidi nitambae."

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari langu. (Nasema gari kwa heshima tu. Milango mitatu hufunguka, wa nne huombewa dua.) Nikaenda mpaka lile jengo la maduka baina ya ufukwe wa Diani na Ukunda, ambako kuna muuza vitambaa ninayemwamini. Nikaegesha vizuri, katikati ya mistari, mpaka nikajipongeza. Nikaingia, nikachagua bafta. Niliipapasa kama mtu anayemnunulia mamake kanga ya sikukuu. Muuzaji akaikunja, akaniandikia risiti, akanipa pole.

Karafuu maiti na marashi hakuwa nayo. Yako ng'ambo ya barabara, kwa mzee wa manukato. Nikavuka. Mzee naye aliposikia nani amefariki akasikitika, akaniketisha, tukamzungumza marehemu kidogo. Dakika kumi hivi. (Soja, mlinzi wa maegesho, baadaye alisema arobaini. Tusigombane.)

Kurudi, naona gurudumu langu la nyuma limevaa bangili ya chuma, ya manjano, kubwa kama meza. Klampu!

Soja alikuwa amesimama kando, mtu mzima mwenye mvi, wa bara, mpole. Akaninyooshea kidole kwenye bango: maegesho ni ya wateja walio ndani ya jengo, atakayetoka nje na kuliacha gari atafungiwa na atalipa faini.

"Mimi ni mteja," nikasema. "Risiti hii hapa."

"Ni sawa, boss, lakini ulitoka ukavuka barabara. Nimekuona."

"Nimevuka, nimerudi. Nilihama?"

Akacheka kidogo. Kisha akaniuliza swali, jamaa zangu, ambalo nitalikumbuka mpaka siku yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Boss, kwani uko na dharura yoyote?"

Na mimi, na cheti changu, nikajibu: "Sina dharura. Nina haki!"

(Niliona jibu limenikaa vizuri. Hata nilitazama kushoto na kulia kama kuna aliyelisikia.)

"Haya," akasema. "Basi ni njia mbili. Lipa pale dirishani, nifungue saa hii uende. Ukitaka, ukate rufaa baadaye, siku saba unazo. Ama ukatae kulipa, uandike rufaa sasa, ungoje meneja. Lakini meneja yuko mkutanoni. Mimi nakushauri, lipa tu uende."

Niseme ukweli mbele yenu. Pesa nilikuwa nazo. Za kutosha, kwenye simu, zimetulia. Ningelipa, ningekuwa Munje saa tano u nusu na sanda mkononi, mtu wa maana. Badala yake nikaegemea gari na kuanza kufikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikoniponza. Ukishalipa, si umekiri kosa? Na pesa zikishaingia dirishani, nani amewahi kuziona zikitoka? Na mimi kweli nilikuwa mteja! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bi Mwalimu mwenyewe alitufundisha barua rasmi juma zima kwa ajili ya nini, kama si kwa siku kama ya leo? Nikatazama saa. Saa nne u nusu. Adhuhuri bado iko mbali. Barua nitaimaliza kwa robo saa, nikasema. Nikimzika huku nimeshinda rufaa, si ndiyo heshima yake hiyo?

Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Polepole, na kwa hoja nzuri.

"Rufaa!" nikamwambia soja. "Niletee karatasi."

Akaniletea karatasi mbili zenye mistari na kalamu iliyofungwa uzi. Nikaandika juu ya boneti. Loo! Jamaa, niliandika. Kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe. Anwani mbili, sawa. KUH, mstari chini, sawa. Nikaweka utangulizi. Nikaweka haki za binadamu. Nikamtaja Nabii Suleiman kwa uadilifu. Soja akaja akasoma begani kwangu, akasema, "Hii ni barua ama ni kitabu?" Mwandishi hasumbuliwi.

Simu ikalia. Bakari.

"Hamisi, umefika wapi?"

Sasa, nyinyi ni watu wa huku, mnajua. Kwetu mtu akikuuliza umefika wapi, jibu ni moja, hata ukiwa bado unatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Nikasema:

"Nipo njiani. Naikaribia Mwabungo."

"Alhamdulillahi. Basi waoshaji waanze?"

"Waanze," nikasema. Mimi. Kwa kinywa hiki.

Nikaipeleka rufaa ofisini, kwenye benchi la nje la kungojea. Meneja bado mkutanoni. Nikakaa. Ubaridi wa ile mashine yao ya hewa unatoka chini ya mlango unanipuliza miguuni, mimi nairudia barua yangu na kuifurahia. Saa tano. Saa tano na robo. Nikaenda dirishani kutaka kulipa, wallahi nikaenda, nikafika hatua mbili. Kisha nikajiambia, ndiyo nimeshangoja hivi, nikilipa sasa, kungoja kote si kutakuwa bure? Nikarudi kwenye benchi. (Mkisikia mjinga amekufa, mjue ni porojo. Mimi mzima.)

Saa tano u nusu Bakari tena. Sauti imebadilika.

"Hamisi, ndugu yangu, tunakungojea wewe tu. Kuna mtu anataka kukimbia dukani Msambweni kutafuta bafta. Nimwambie aende?"

"Asiende! Ya nini gharama mbili? Nimeshaivuka Gazi."

"Umeivuka Gazi?"

"Kitambo."

Nikaitia simu kwenye mfuko wa shati. Papo hapo mlango ukafunguka, mkutano umekwisha. Meneja ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa huku, kajitanda buibui lake vizuri, miwani puani. "Mwenye rufaa na aingie."

Nikaingia kifua mbele. Akataka kuipokea barua aisome, nikamwambia, "Kwa ruhusa yako, naomba niisome mwenyewe." Kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwa ajili ya kusomwa kwa sauti. Bi Mwalimu alikuwa akinisimamisha mbele ya darasa kwa sauti yangu. Nikasimama. Nikakohoa. Nikaanza:

"KUH: RUFAA DHIDI YA KUFUNGIWA GURUDUMU LA NYUMA, KUSHOTO, KINYUME CHA HAKI, UTU NA ADABU."

Meneja akavua miwani.

"Mimi niliyetajwa hapo juu, mhitimu mwenye cheti, nimo ndani ya maegesho yenu tangu saa nne asubuhi na hadi dakika hii sijasogea hata hatua moja. Nimekaa. Nitaendelea kukaa. Mtu asidhani nitalipa kwa kukimbilia safari, kwani mimi sina haraka yoyote isipokuwa haraka ya haki. Hata jua lichwe, hata kesho ifike, nitakuwa hapa hapa Diani, moyo wangu umetulia..."

"HAMISI!"

Sauti imetoka kifuani mwangu. Nilidhani ni dhamiri. (Ingekuwa heri.)

"Hamisi! Uko Diani?"

Sikuikata simu, jamaa. Niliitia mfukoni iko hewani. Na kule Munje, kumbe, Bakari alikuwa ameiweka kwenye spika ili wazee waliokaa barazani wasikie nimefika wapi. Barua yangu yote wameisikia. Anwani sijui, lakini kuanzia KUH, yote. Kule nyuma nikasikia mtu mmoja anauliza, "Gurudumu la kushoto limefanyaje?" Kisha Bakari, polepole, hana hasira, na afadhali angekuwa nayo:

"Hamisi, mama ameshaoshwa. Amelala anangojea nguo."

Simu ikakatika.

Meneja akaniangalia, akaangalia lile furushi la karatasi ya dukani nililolibana kwapani.

"Hiyo ni nini?"

"Sanda."

"Sanda ya nani?"

"Ya mwalimu wangu."

"La ilaha illa Llah." Akasimama. "Na soja hakukuuliza kama una dharura? Hapa mwenye mgonjwa na mwenye msiba hafungiwi. Akifungiwa kwa bahati mbaya, hufunguliwa bila senti. Soja huuliza. Ni lazima aulize."

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Soja alikuwa mlangoni. Akainamisha kichwa, akavitazama viatu vyake, hakutaka kunisemea. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Nilimwambia sina dharura, nina haki."

Meneja hakucheka. Nilimwona anataka kucheka na anataka kulia, akaamua kupiga muhuri. Akachukua barua yangu, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: rufaa imekubaliwa. Akapiga muhuri. Akanirudishia ile barua. "Nenda, kaka yangu. Kimbia."

Kimbia na gari lina bangili? Aliyeshika ufunguo wa klampu alikuwa amekwenda kula. Soja alimtafuta nyuma ya jengo, kwa mama wa chapati, msikitini, mpaka akampata. Soja, mzee wa watu, alirudi na ufunguo anahema, jasho linamtoka, akaifungua ile klampu mwenyewe amepiga magoti. "Pole sana, boss," akaniambia. "Ungesema tu." Adhana ya adhuhuri ilinikuta ndio kwanza naingia barabara kuu.

Njiani sikuwasha redio. Nilikuwa naendesha huku naomba wachelewe. Fikirini mtu anaomba mazishi ya mtu anayempenda yachelewe. Nilipofika Gazi, Gazi ya kweli sasa, nilipovuka ule mji nikashika simu nikampigia Bakari kumwambia nimevuka Gazi. Nikakumbuka nilivyokwisha kuliharibu neno hilo. Hakupokea.

Nimefika Munje saa saba u nusu. Wanaume wanarudi kutoka makaburini, majembe begani, miguu ina vumbi. Nikashuka na furushi langu. Hakuna aliyenisemesha kwa ubaya. Walinipa mkono mmoja mmoja, na kila mkono ulikuwa na mchanga wa kaburi, wangu mimi msafi. Huo usafi wa mkono wangu, jamaa, sijawahi kuona aibu kama ile.

Kisha wakaja watani. Mnajua mtani msibani hana breki, na desturi ni kwamba humkasirikii. Mmoja wao, Mwinyi, alijifunga shuka kama joho, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya watu wote, akashika jani la mgomba kama karatasi:

"KUH! Kufungiwa gurudumu la nyuma, kushoto! Mimi niliyetajwa hapo juu! Nimekaa! Nitaendelea kukaa!"

Watu wakaanguka kwa kucheka. Hata waliokuwa wakilia. Hata Bakari, nilimwona, kitambaa machoni, mabega yanatikisika, na sikujua ni kicheko au kilio. "Wakili!" Mwinyi akaniita. "Gazi hawajambo? Umewaacha salama?"

"Hawajambo," nikasema. Ningesema nini?

Bakari akanichukua mkono, akanipeleka kaburini, sisi wawili. Udongo ulikuwa umeshamwagiwa maji. Hapakuwa na kazi iliyobaki. Nikachuchumaa, nikasoma Yasini yote kutoka kwenye kitabu kidogo cha Bakari, neno kwa neno, kwa kidole, kama nilivyofundishwa, mara mbili nikakosea na mara mbili nikarudia. Bakari akanisubiri. Alipoona nimemaliza akasema, "Tuliogopa maiti kukaa sana. Nilikungojea mpaka nikashindwa kungojea."

"Najua."

"Aliyemsitiri mama ni Bi Mwanamkuu."

Bi Mwanamkuu ni jirani yao, bibi wa miaka themanini na kitu. Kama ajuza wengi wa kwetu, sanda yake aliiweka tayari. Marehemu mumewe alimletea kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya Zamzam, pamoja na karafuu maiti na chupa ya marashi, imelala kwenye sanduku lake la mbao miaka mingi, na kila mwaka huitoa akaianika. Aliposikia ile barua yangu kwenye spika, alikwenda kwake na mkongojo, akarudi na furushi, akamkabidhi mwoshaji. Ya mumewe. Ya Makka. Kwa ajili ya klampu.

Basi nikajua pa kuipeleka bafta yangu. Lakini niambieni, mtu hupigaje hodi ya namna hiyo? Nilisimama nje ya mlango wake natunga maneno, mimi mwenye maneno mengi, na halikuja hata moja. Mwishowe nikasema tu:

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani? Wakili? Karibu, mwanangu."

"Bibi, nimekuletea..." Nikakwama. Mtu humwambiaje mkubwa wake aliye hai, amekaa anachambua mchele, kuwa amemletea sanda?

"Lete niione," akasema.

Akaifungua magotini. Akaipitisha vidoleni mwake polepole, akaivuta upindo, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Niliogopa kuliko siku ya mtihani. Akanusa marashi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bafta nzuri. Umechagua vizuri. Si kama yangu, lakini nzuri."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Aliyeivaa yangu ni mtu wa kuvishwa." Akaikunja, mkunjo juu ya mkunjo, akaiweka pembeni.

"Lakini sikiliza. Siku yangu mimi, wewe usitumwe kitu. Hata kiberiti. Wewe uje tu."

Nikamwambia nitakuja. Akaniuliza, "Utakuja?" Nikamwambia, "Nitakuja, bibi." Na wala sikumwambia nipo njiani.

Rufaa nimeshinda, jamaa zangu. Karatasi ninayo, wino mwekundu, muhuri juu yake. Naomba asitokee mtu wa kunipongeza.